Jokofu Lenye Wenyewe Wawili

Walimwita Bwana Barafu, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kutunza jokofu moja la baridi kali, lililosimama kwenye korido kati ya hospitali na chuo cha utabibu. Ndani mlihifadhiwa vipande vya uvimbe vilivyotolewa kwa watoto. Hospitali ilikuwa na wagonjwa, chuo kilikuwa na mashine ya kuchunguza, na kilichowaunganisha ni msaada mdogo wa mwaka mmoja ambao wakubwa waliuita fedha ya mbegu. Mbegu ikiota, walisema, wafadhili wataleta fedha ya shamba zima. Wakubwa hawakosi maneno matamu.

Kipande kimoja kilikuwa cha binti yake. Uvimbe wa goti ulimla mtoto yule taratibu hadi akaisha, dawa zote zikagonga mwamba, na hakuna aliyeujua hata ugonjwa wenyewe. Baada ya mazishi, baba mtu akaomba kazi ya jokofu. Watu walidhani anatafuta tonge, naye akawaacha wadhani hivyo. Kumbe kila asubuhi alipokagua ubaridi alinong'ona, "Umeamkaje, mama?"

Mwaka ukaisha, mbegu haijaota. Hospitali ikasema jokofu ni la chuo, chuo kikasema ni la hospitali. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mratibu aliyekuwa akiwapatanisha kwa simu aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Barafu akarudishwa maabara kupima mikojo, funguo za jokofu akabaki nazo kwa kuwa hakuna aliyezidai.

Jokofu lilitumia umeme wa chuo. Kila chuo kilipofunga kwa likizo, msimamizi wa majengo alizima umeme wote, kwa hiyo kabla ya hapo ilibidi waya uhamishiwe upande wa hospitali. Zamani mratibu ndiye aliyekumbusha. Sasa alibaki Barafu peke yake, na likizo zote alikumbuka, mpaka siku ile ya kufunga chuo mkewe alipompigia simu aje nyumbani haraka. Goti la kitindamimba wao lilikuwa limevimba, palepale ulipoanzia uvimbe wa dada yake.

Alimbeba mtoto hadi wodini, akakesha naye, akashinda naye, hana habari na dunia. Siku ya tatu daktari wa watoto akaja anatabasamu. Maombi ya fedha ambayo hospitali na chuo vilituma kabla ya ugomvi yalikuwa yamejibiwa: fedha kubwa imepatikana, na vyuo vingine vimejiunga.

"Tutaanza na familia yako, baba," alisema. "Tukimlinganisha huyu na dada yake, tutajua ni ugonjwa gani na dawa gani itamfaa. Kile kipande cha marehemu kipo salama, sivyo?"

Hapo ndipo alipoukumbuka waya.

Alikimbia. Korido ilikuwa na giza, na chini ya jokofu maji yalikuwa yametambaa hadi mlango wa pili. Alifungua. Ile harufu ilimwambia yote. Alipiga magoti majini, akaanza kukusanya vichupa kifuani kama anayeweza kuvirudishia ubaridi. Majuto ni mjukuu, na kwake yalikuja mtoto angali hai.

Daktari alimkuta hapo. Hakumlaumu, alisema kosa ni lao wote, kwamba hakuna aliyempa mtu kazi ile. Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema watakusanya vipande vingine.

"Vingine vitatoka kwa nani, daktari?"

Daktari alitazama upande wa wodi, halafu akainamisha macho.

Barafu alirudi suruali ikiwa imelowa magotini. Mkewe alikuwa amempakata mtoto, akauliza daktari amesema nini.

"Amesema wataanza na huyu."

Mkewe akamshukuru Mungu kwa sauti, akaufunika ule mguu vizuri kwa shuka.