Sauti ya Obuya Bado Inauza Regulata

Saa mbili asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, Nashon Obuya anasimama ng'ambo ya barabara akijisikiliza. Mdomo wake umefungwa. Sauti inatoka kwenye spika iliyo juu ya mlango wa duka: "Mama, pika bila wasiwasi! Regulata hii ya mtungi haivujishi gesi, nimeijaribu mwenyewe!"

"Hapo kwa 'nimeijaribu' ndio roho hunidunda," anasema, akifuta jasho katika baridi hii ya Julai. "Sikujaribu kitu. Nilisoma tu karatasi yenye nilipewa."

Obuya, mwenye umri wa miaka 34, hurekodi matangazo ya maduka. Studio yake ni blanketi: hujifunika gubigubi na simu yake chumbani mwake mtaani Satellite, majogoo ya jirani yasije yakaingia kwenye tangazo. Kazi moja humpa shilingi mia tano.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Biashara ni matangazo, na Joyline Kasyoki, msusi wa Kenyatta Market ambaye Obuya alimrekodia tangazo, ni shahidi.

"Kitambo ningekaa mpaka jioni bila kichwa hata moja," anasema. "Saa hii mtu anakuja akijua bei na mtindo, hazungushwi. Nimeandika kazi wasichana wawili."

Lakini tangazo bila uaminifu ni kelele tu. Obuya alilijua hilo mwezi uliopita, jirani yake Veronicah alipomgongea mlango. Regulata yake mpya ilikuwa ikinuka gesi, na watoto wake watatu walikuwa wamelala chumba hicho hicho. Mungu saidia, hakuwa amewasha kiberiti.

"Nilinunua juu niliskia ni wewe," alimwambia. "Nikasema Obuya hawezi niuzia kifo."

Obuya alikimbilia dukani kuomba tangazo lizimwe. Mwenye duka alicheka, akamwambia rekodi ni mali yake. Kisha akamtajia jina la ploti anayoishi Obuya, polepole, kama onyo.

Tangu siku hiyo hana raha. King'ora cha zimamoto kikilia, hutoka nje kuangalia kinaelekea wapi.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Naogopa huyo mtu. Naogopa kukosa kazi, nani ataniita tena? Lakini hizo regulata ziko kwa nyumba ngapi? Hiyo ndio inaniua."

Mpango wake ni kusimama hapa kesho na spika ya kuazima kwa Joyline. Tangazo liko tayari simuni. Analicheza kwa sauti ya chini: "Mimi ndiye ile sauti ya regulata. Nilidanganya. Kama unayo, funga mtungi, utoe nje, usiwashe kiberiti..."

Analizima kabla halijaisha.

Ng'ambo, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni amesimama chini ya spika. Anatabasamu, anafungua pochi.

"Kesho ni mbali," Obuya anasema, na kuvuka barabara akipaza sauti: "Mama! Mama, ngoja!"

Mwanamke anageuka. Sauti ni ile ile. Anatazama juu kwenye spika, kisha anamtazama yeye.