Anayehesabu Pumzi za Maguu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala bondeni Maguu, wilayani Mbinga. Asnath Ambokile, mpimaji wa kituo cha mionzi ya hewa, anazima pampu inayofyonza hewa usiku kucha, anachomoa kichujio cha karatasi na kukiweka kwenye mashine ya kuhesabu mionzi. Siku nyingi husoma mipigo sitini kwa dakika. Leo, Jumatatu, mia mbili na kumi.

Anaandika namba.

Wiki iliyopita redio ilitangaza kwamba kinu cha nyuklia kimepasuka nchi ya mbali. Tangu hapo wakulima hupitia kituoni kwanza kabla ya kwenda shambani. Leo amefika Verediana Kapinga, mchimbaji wa ngolo, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo mlimani. Maharage yake hayajapandwa na mvua zinaelekea mwisho.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nilime, nisilime?”

Asnath anamwambia jibu la hakika litapatikana Alhamisi. Asubuhi isiyo na upepo, anaeleza, gesi yenye mionzi itokayo ardhini hutuama bondeni na kupandisha kipimo. Mionzi yake kwenye kichujio hufifia kwa siku tatu. Ya vumbi la kinu hubaki.

Miaka sita iliyopita, katika kituo chake cha kwanza, hakusubiri. Alitangaza hatari, watu wakaacha mashamba wiki nzima, kumbe ilikuwa gesi. “Waliniita Mama Upepo,” anasema. “Nilistahili.”

Safari hii, kabla ya kumzuia mtu kulima, anakadiria kwanza: kama ni vumbi la kinu, mapafu yangepata mionzi kiasi gani? Jedwali lake linampa mfanyakazi lita ishirini za hewa kwa dakika. Anamvisha Verediana barakoa yenye kipimo cha pumzi, anamwomba achimbe shimo moja nyuma ya kituo.

“Majirani wakiuliza, niseme serikali inanihesabia pumzi?”

Kipimo kinasoma lita arobaini na tatu kwa dakika.

Asnath anarudia hesabu mara mbili. Kwa jedwali, kiwango cha mionzi kiko chini ya kikomo cha usalama, angemruhusu alime. Kwa mapafu ya Verediana, kimevuka.

“Nenda nyumbani, mama. Jembe liache.”

Siku tatu mvua inanyesha juu ya shamba tupu. Verediana hasalimii akipita.

Alhamisi kichujio kilekile kinasoma tano, sawa na karatasi mpya. Ilikuwa gesi.

Asnath anapanda mwenyewe hadi kwa Verediana kumwambia. Anamweleza pia anachokitaka: kupima wachimbaji ishirini, ili siku vumbi lenyewe likija, hesabu iwe ya mapafu yao, si ya jedwali.

Verediana ameshashika jembe.

“Leta barakoa yako kesho,” anasema. “Mteremko wangu ni mkali kuliko nyuma ya kituo.”