Sauti kwenye ile video ya Magokoro ni ya mdogo wangu

Admin, ficha jina langu na usitaje kijiji, juu huku tunajuana mpaka na ng'ombe. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na moja, natoka Nyamira kwenye majani chai. Kazi yangu ni kushuti na kuediti video za harusi na matanga. Hakuna mtu alinifundisha, nilijifunzia kwa simu ya mama yenye kioo ilikuwa imepasuka.

Nikiwa na miaka kumi na tano, sisi tulikuwa tunapost kila kitu. Kila kitu! Ukipika ugali unapost, mwalimu akianguka kwa matope unapost, na dunia yote ione. Kama hauna laiki wewe si mtu.

Sasa kuna jirani yetu, mama mzee mjane, sote tunamuita Magokoro, yaani nyanya. Siku moja nikitoka shule nikamwona kwa ndizi zake, ameinama juu ya kaburi la mzee wake, anang'oa managu na kuweka kwa kikapu huku anaongea peke yake. Kung'oa mboga kwa kaburi! Nikatoa simu nikamshuti juu ya ua. Akaniona, akacheka. "Napalilia mzee wangu. Alikuwa anapenda shamba safi, na saa hii majani imemlalia. Hii managu ni ya ng'ombe, nani atakula mboga ya hapa? Na wewe mjukuu, badala ya kunipiga picha si uingie unisaidie?" Nikaingia, nikamsaidia mpaka tukamaliza, akanipa ndizi mbivu.

Lakini hiyo sehemu haikuwa inachekesha, kwa hivyo nilikata. Nikabakisha pale ameinama na mdomo unatembea, nikatoa sauti, nikaandika "Magokoro ameenda soko ya wafu", na vikatuni vya kucheka. Watu walicheka wiki mzima, wengi hata hawakujua akaunti ni yangu. Baadaye simu ilikufa, nikasahau hata nywila, nikasonga na maisha.

Mdogo wangu, nitamuita Moraa ingawa si jina lake, ana miaka kumi na nne. Hawa wa siku hizi hawapost. Akaunti yake haina hata picha. Kila kitu ni ndani ya grupu yao ndogo, meseji zinajifuta zenyewe. Nilimuuliza mbona hapost, akanicheka: "Kupost ni ya wazee kama wewe, bro." Mimi nikafurahi kabisa, nikamwambia mama hawa wako na akili kutushinda. Kumbe mchezo wao ni kuchimbua! Wanatafuta video zetu za zamani za aibu wanazitengeneza upya. Moraa akapata yangu ya Magokoro. Akatoa maandishi na vikatuni, akarekodi sauti yake kwa Ekegusii, lugha yetu, akaipitisha kwa app ikawa sauti ya mama mzee: "Nimechuma mmoja, bado mwingine." Walicheka kwa grupu, ikaisha.

Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani mwingine akafa na homa. Darasa la nne. Mimi ndio nilishuti hayo matanga. Mmoja wa hiyo grupu alikuwa ameihifadhi hiyo video, akamwonyesha mamake. Na mnajua wazazi wetu, kitu ikiingia kwa simu yao lazima itumwe mbele. Jioni hiyo ilikuwa kwa grupu ya kanisa, ya chama, ya wakulima wa chai.

Sasa Magokoro ni omorogi. Mchawi. Sabato iliyopita alikaa benchi mzima peke yake. Jumanne vijana wakaenda kwake mchana wakavunja mlango, wakamwambia mkutano ni Jumapili saa nane, na asipotoka hapa kijijini wanajua la kufanya. Huku kwetu hiyo maneno haihitaji kuelezwa. Chifu anasema ataita askari "wakipatikana".

Nilijaribu kuongea na baba, ambaye ni mzee wa kanisa. "Baba, hiyo sauti imetengenezwa na app."

"App gani inajua Ekegusii? Nimeona na macho yangu, nikasikia na masikio yangu. Wewe ni Mgusii kweli?"

Moraa alikuwa amesimama hapo na sufuria ya chai. Nikampokea sufuria, nikatoka naye nje. Tulipobaki wawili akanishika shati: "Ukisema ni mimi, hicho wanataka kumfanyia watanifanyia mimi." Na siwezi kumwambia hiyo si kweli, juu wanasema watoto hufundishwa na wachawi.

Jana nilienda kumwona Magokoro. Ameegemeza kabati kwa mlango. Nilidhani atanilaani. Akanikaribisha, akasema kwa upole: "Si wewe ulinisaidia kupalilia? Sijawaambia ni wewe ulinipiga picha. Nikisema watakuja kwenu, na wewe bado mtoto." Halafu akaniuliza kama naweza kutafuta kile kipande anaongea, watu wasikie. Nikamwambia nitatafuta. Nilimdanganya, watu wangu. Hicho kipande hakipo, nilikikata kwa mkono wangu.

Ako na binti ameolewa Kiogoro, naweza kumpeleka huko kesho, lakini akiondoka watasema alikimbia kwa sababu ni kweli, na hatarudi kwa kaburi la mzee wake maisha yake yote. Nikisimama niseme ni mimi na Moraa, sina ushahidi, ile video ya kwanza haina sauti, ina "soko ya wafu" tu, na meseji zao zilijifuta, ni mdomo tu, na dada yangu ana miaka kumi na nne.

Leo asubuhi kiongozi wa hao vijana amenipigia. Anataka nikuje Jumapili na kamera nishuti mkutano wote, "usikate kitu". Nilijibu sawa, bro.

Nitukaneni mkitaka, lakini mwenye amewahi kuona mambo kama haya aniambie: nianzie wapi, na nimwokoe nani? Leo ni Ijumaa.