Daktari Bingwa na Farasi wa Mama Yake

Delphia Stamper alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa wanyama, na ukitaka kumuudhi, mwite daktari wa farasi tu. Hayakuwa majivuno. Ubingwa ule ulimla. Aliingia chuo cha mifugo akiwa binti wa nywele nyeusi zinazofika kiunoni, na siku bodi ya mabingwa ilipomtangaza kuwa mwenzao, nywele alikwisha kuzikata kama askari jela na mvi zimeanza kuchungulia masikioni. Hapo katikati palikuwa na mwaka wa kutumwa idara hadi idara kama mtoto wa kambo, na mwingine wa namna hiyohiyo kwa kuwa wa kwanza haukutosha, ndipo ikaja miaka ya mafunzo ya ubingwa wenyewe, anasimama ng'ambo ya meza, mkabala na mwalimu wake, ameukumbatia utumbo wa farasi kwa mikono miwili, pua inawasha na haruhusiwi kuikuna. Alikuwa na mume pia. Mume hakuondoka kwa ugomvi. Alichoka tu kula peke yake.

Kisha kuna mtihani. Hufanywa mara moja kwa mwaka, mji wa mbali, na wanaoanguka si wajinga hata kidogo. Delphia alianguka mara ya kwanza. Akarudi kazini na uso wake uleule, akasoma tena mwaka mzima, na wiki ya kuufanya mara ya pili mama yake akafa.

Kwao ni milimani, mashariki ya Kentucky, kwenye machimbo ya makaa. Baba yake, Corbett, alichimba mpaka kifua kikajaa vumbi. Mama yake, Verlie, alifuga kuku, akapika maharage na mkate wa mahindi kwa kila aliyepita, na akamlea kwa chupa farasi jike mmoja mwekundu aliyefiwa na mama yake, akamwita Myrtle. Verlie alipolala shambani mchana mmoja asiamke tena, Corbett alimpigia simu binti yake.

"Nije, Baba?" Delphia aliuliza.

"Wewe fanya mtihani wako."

Sasa, watu wa milimani hawaombi kitu. Mgeni akiulizwa kama ana njaa atasema ameshiba, na mwenyeji hujua hapo ndipo anapotakiwa kupakua. Delphia alizaliwa kule, alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini siku ile ilimfaa asilijue. Akafanya mtihani, akafaulu, na mama yake akazikwa bila yeye. Corbett hakulitaja tena jambo lile. Dukani alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake ni daktari wa kuwafundisha madaktari, kisha anakohoa, ananunua tumbaku yake na kwenda zake.

Kuupata ubingwa ni shughuli, na kubaki nao ni shughuli nyingine. Bodi haikupi cheti ikakusahau. Kila baada ya muda inataka kujua umejifunza nini kipya, umehudhuria wapi, umemfundisha nani. Delphia hakupata kuchelewa hata mara moja. Kliniki aliyofanyia kazi ilikuwa kule bondeni, kwenye nyasi nzuri na farasi wa mbio, na wenye farasi walimpenda na kumwogopa kwa sababu moja: alikuwa akikwambia ukweli usoni. Farasi akiwa wa kupona, anakwambia. Akiwa si wa kupona, anakwambia vilevile, bila kuuzungusha mdomo, na anabaki amesimama hapo ulie mbele yake.

Asubuhi moja ya Machi, majira ya farasi kuzaa, pikapu ya Corbett iliingia uani ikivuta tela lenye kutu. Delphia alitoka mbio akiwa na nguo za chumba cha upasuaji.

"Kulikoni, Baba?"

"Mimi mzima. Ni huyu bibi yenu. Tangu alfajiri anajigaragaza. Dokta Haskew wa kule kwetu kaja kamtazama, nikamwambia asante, na mimi nina daktari wangu."

"Si ungenipigia kwanza?"

"Ningekupigia ungepokea?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika mlango wa tela mpaka kikaisha.

Myrtle aliteremka akitetemeka, jasho linamchuruzika tumboni. Umri wake ulikwisha kupita ishirini na tano, mgongo umebonyea, nyusi nyeupe. Wakamwingiza ndani. Delphia akampima pamoja na Tobias Rehm, daktari ambaye Delphia alikuwa akimfundisha ubingwa wakati ule. Mapigo ya moyo yalikuwa yakikimbizana. Fizi zimeanza kuiva rangi mbaya. Walipompitisha mpira puani hadi tumboni, maji machungu ya kijani yakatoka ndoo nzima.

"Kwa umri huu ni uvimbe wa mafuta, Dokta," Tobias alisema kwa sauti ya chini. "Kikonyo chake kimeuzunguka utumbo, kimeunyonga."

"Najua."

"Na moyo una kelele."

"Nimesikia, Tobias. Masikio ninayo."

"Juzi yule mama mwenye farasi mweupe, ulimwambia..."

"Nakumbuka nilichomwambia."

Tobias akanyamaza. Mwanafunzi wa ubingwa hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kushona.

Corbett alikuwa amesimama kichwani mwa Myrtle, vidole vyake vinene vimezama chini ya nywele za paji la uso. Amevaa shati la kanisani, kalifunga vifungo mpaka kooni, na shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola.

"Unaonaje, Delphie?" aliuliza.

Delphia alimtazama, akaiona nyumba yao kule juu, mzee akitoka asubuhi na ndoo ya shayiri na hakuna pua ya kumpokea getini. Aliiona pia ile wiki ya mtihani. Hakusikia swali kabisa. Alisikia mtu ambaye hajui kuomba, anaomba, na safari hii akaapa moyoni kwamba hatajifanya hajaelewa.

"Tunampasua, Baba," alisema. "Nitampasua mwenyewe."

Corbett akavua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo.

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Na alijua. Nisije nikasikia mtu akisema Delphia Stamper hakuijua kazi yake. Walimlaza Myrtle kwa dawa, wakamning'iniza kwa mnyororo mpaka mezani, chali, na Delphia akafungua tumbo kwa mkato mmoja ulionyooka. Mkono wake ukaingia hadi kwapani, ukatafuta gizani, ukaupata. Uvimbe ulikuwa sawa na chungwa, na kikonyo chake kimejiviringisha kwenye utumbo mwembamba na kukaza. Akakikata. Akauondoa utumbo uliokwisha kufa, akaunganisha ncha mbili nzima kwa mishono midogo iliyolingana, akaujaribu kwa maji, haukuvuja hata tone. Tobias alikuwa akimtazama mikono kwa macho ya mtu anayetaka kuiba. Miaka yote ile, kuanguka kule, kusoma kule, sahani zile za chakula zilizopoa mezani, vilikuwa vimekusanyika kwenye vidole vyake. Delphia alikuwa na furaha. Alikuwa akimshonea mama yake.

Lakini kupona kwa farasi hakupimwi mezani. Ng'ombe akizinduka kutoka kwenye usingizi wa dawa hujilalia, akacheua, akangoja akili zimrudie. Farasi hujiona yuko chini na mwili wake wote unamwambia simba yuko mlangoni. Atasimama kabla miguu haijawa yake. Ndiyo maana wakamweka Myrtle katika chumba ambacho kuta zake zote ni magodoro, kamba moja kichwani na nyingine mkiani, zimepitishwa kwenye pete za ukutani, na watu wa kuzivuta wako nje.

Alijaribu, akakaa kitako. Akajaribu tena, akabiringika. Delphia alikuwa ameshika kamba ya kichwa, amechungulia kwenye tundu la mlango. "Tulia, bibi," alimwambia. "Pumzika kwanza." Myrtle akajikusanya, akasukuma, akasimama. Akasimama kweli, miguu yote minne, anayumba, pua imegusa godoro. Tobias akatabasamu. Ndipo mguu wa nyuma ukateleza chini yake, misuli yake ya kizee ikashindwa kuurudisha, na uzito wote ukauangukia. Aliyewahi kusikia mfupa wa farasi ukivunjika hahitaji kuelezwa.

Hata hapo aliendelea kutaka kusimama. Akiukanyaga. Delphia aliingia kabla kamba hazijafungwa, jambo ambalo angemfukuza Tobias kazini kwa kulifanya, akapiga magoti kwenye godoro lenye jasho, na jicho la Myrtle, limetoka weupe wote, likamtazama bila kumtambua. Akamchoma sindano ya mwisho shingoni. Ilichukua muda mfupi tu, na Delphia alitamani kila sekunde yake iwe fupi zaidi.

Corbett alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta ule. Hakuna aliyefikiri kumhamisha. Delphia alimkuta amesimama nje, karibu na tela lake, kofia bado mkononi.

"Kaondoka?"

"Kaondoka, Baba. Mguu."

"Nilisikia." Akakohoa, akatema mate pembeni, akajifuta mdomo. "Nikuulize kitu. Angekuwa wa mtu baki huyu. Asubuhi ya leo, ungemwambia nini?"

Angeweza kumdanganya. Mzee asingejua. Lakini hakuwa amemdanganya mwenye farasi hata mmoja maisha yake yote, ukimwondoa huyu.

"Ningemwambia tumchome sindano ya mwisho," alisema. "Ningemwambia kazeeka, moyo mbovu, na hata nikimshona vizuri namna gani, hatakuwa na nguvu za kuinuka."

Corbett akatikisa kichwa polepole kukubali.

"Ndivyo alivyoniambia Haskew palepale bandani. Sindano anayo mkononi. Nikamwambia ngoja, nampeleka kwa Delphie. Delphie akisema basi, nitajua ni kweli, na mimi nitamshika kichwa."

"Nilidhani umemleta nimponye."

"Nilikuuliza unaonaje."

"Kwa sababu ya Mama," Delphia alisema. "Nilitaka angalau huyu..."

"Najua ulichotaka." Sauti yake haikuwa kali. Afadhali ingekuwa kali. "Siku ya mama yako nilitaka uje, na sikusema. Kosa langu hilo, nimeishi nalo. Leo sikukuficha kitu. Nimekuuliza kwa mdomo wangu, mwanangu, na wewe ukanijibu kitu kingine."

Delphia akalia hapo uani, mikono imening'inia, nguo zina damu. Corbett alimwacha alie. Alimwekea mkono mgongoni, akautoa, kama mtu asiyejua unatakiwa kukaa kwa muda gani. Baadaye wakampakia Myrtle pamoja, kwa winchi, wao na Tobias na mfanyakazi mwingine, na Corbett akamfunika kwa turubai, akaingiza pembe zake chini kwa uangalifu. Alitaka kumzika nyumbani, juu ya kilima, kando ya kaburi la Verlie. Jirani yake alikuwa na mashine ya kuchimbia.

"Nakuja na wewe," Delphia alisema. "Baba, nataka kuja kumzika."

Hakuwahi kusema nataka mbele ya baba yake tangu utotoni. Corbett alimtazama, na pengine alikuwa karibu kumfungulia mlango. Lakini tela jingine lilikuwa limekwisha kuingia uani, jipya, linang'aa, na ndani yake farasi alikuwa akipiga mateke ukuta, kipigo baada ya kipigo. Tobias akaja anakimbia. Jike, alisema, mimba imefika mwisho, tumbo limemsokota, bingwa mwingine yuko safarini na hatafika leo.

"Nipe dakika moja," Delphia alimwambia.

"Dokta, hana dakika."

Corbett alikuwa akiyasikiliza mateke yale. Maisha yake yote alikaa na farasi, alijua yanasema nini.

"Nenda," alisema. "Huyo anaumia."

"Nije kesho?"

Tobias alitegemea kusikia mzee akimwambia asijisumbue. Delphia pia alitegemea hivyo. Corbett alivaa kofia yake, akapanda kwenye pikapu, akavuta mlango uliokuwa mzito kufunga.

"Njoo," alisema. "Njoo, nataka uje. Ila kumzika nitamzika leo."

Akawasha gari. Delphia akaingia ndani, akaanza kunawa mikono.