Mkaa kwa Kila Neno la Depite

Miaka ile ya kwanza ya uhuru nilipewa kazi ya kumchunga depite wetu, yaani mbunge wetu wa jimbo, kwa sababu nilikuwa na redio na sikuwa mtu wa kutoka. Wenzangu wa Kasenga, mtaa wetu hapa Uvira, walikwenda mikutanoni. Mimi mikutano iliniumiza miguu. Kila redio ilipotaja kwamba depite amesema katika baraza la jimbo, kule Bukavu, nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wangu unaotazama barabara.

"Weye na sekondari yako yote," majirani walinitania, "iko unachafua nyumba."

Habari za ukuta zilimfikia depite. Mtu aliyekuwa kimya tangu achaguliwe akaanza kusema kila kukicha: vumbi la barabara, bei ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, bendera zilizopauka. Ukuta ukajaa, mtaa ukafurahi, na mimi nikajiona naongoza jimbo zima kutoka kitini.

Shemeji yangu hakufurahi. Mume wake, kaka yangu, alikuwa amefungwa hukohuko Bukavu bila kesi, kwa sababu alimsema mkuu wa jimbo akiwa kwenye pombe. Shemeji alitaka depite aulize barazani: yuko wapi, kosa lake nini? Jioni alikaa nami, akisikiliza.

Likizo ya baraza ilipofika, depite alikuja moja kwa moja ukutani. Akaipapasa mistari, akatabasamu.

"Munaona vile niko natumika kazi yenu?"

"Tunaona, papa," shemeji akasema. "Na bwana yangu?"

"Mama, nikiuliza ile, hawatanipa tena neno. Ukuta utabaki vile, na watu watasema depite iko analala."

Alipoondoka, shemeji akaniomba nichore mstari siku atakayouliza swali lile tu. Nikawauliza majirani.

"Depite wetu anawapita wale wa Fizi kwa kusema," wakasema, "na weye unataka kumurudisha nyuma?"

Nikaendelea kuchora vumbi na ndagala.

Kisha uasi ukashika Uvira. Depite alivuka mpaka kukimbilia Burundi, na baraza halikutajwa tena. Shemeji akafunga kitenge, akashika njia ya Bukavu kwa miguu. Askari walimzuia njiani, Katogota, wakamrudisha nyumbani.

"Barabara ikifunguka, nitakusindikiza," nilimwambia.

Alikuwa anaosha miguu. Hakunicheka, ingawa mimi nisiye mtu wa kutoka nilikuwa nimempa nafasi.

"Tukamuulize nani, shemeji?"