Maji Aliyoyaacha Chishimba

Misa ya asubuhi imekwisha. Honorine Mumba anafungua mlango wa karakana yake mtaani Kamalondo, Lubumbashi, na kabla hajavua kitambaa cha kichwa anainamia tangi dogo la kioo na kunusa. Tangi halina samaki. Lina mchanga mweupe, mawe machache na kipande cha kamba wa baharini kilichoanza kuoza.

"Inanuka," anasema, ameridhika.

La kuvunda halina ubani, husema watu. Kwa mama huyu mjane, harufu hiyo ndiyo ubani wenyewe.

Mwansa, fundi cherehani wa jirani, hachoki kumtania. "Mama Honorine, leo tena unachunga maji? Samaki yako haionekane, ao iko malaika?"

"Chunga mashini yako, tailleur! Suruali ya bantu inakungojea tangu Pasaka."

Honorine, miaka hamsini na minne, hutengeneza matangi ya samaki wa mapambo. Mwezi ukiwa mzuri huuza matatu. Ukiwa mbaya, hubaki kupangusa vumbi kwenye vioo. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Chishimba, aliyetumikia tanuru la shaba kabla ya kugeukia vioo. Chishimba hakuwahi kuiona bahari.

"Aliipenda sawa vile muntu anapenda mbingu," anasema Honorine.

Mwaka jana, kiangazi kikiisha, Chishimba akaamua kuileta nyumbani. Akachuja maji, akayakoroga na chumvi maalumu ya bahari, si hii ya mezani. Kisha akamweleza mkewe kwamba maji mapya hayatiwi samaki. Hutiwa kwanza kitu kioze. Uozo huzaa sumu, na sumu huleta vijidudu visivyoonekana, ambavyo hukaa kwenye mawe na kuila. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Mwenye haraka huzika samaki wake.

Maji yalikuwa bado hayajakomaa Chishimba alipolazwa kwa ugonjwa wa figo. Siku yake ya mwisho ya kuongea alimwita mkewe karibu.

"Hakuuliza nyumba, hakuuliza bukari. Alisema tu, 'Bibi yangu, maji yangu usiimwange.'"

Wakati wa kilio, nyumba imejaa mikeka na ndugu, Honorine alikuwa akijitoa kimya kimya kwenda karakanani. Umeme ulipokatika na pampu ikanyamaza, aliyakoroga maji kwa mwiko wa kusongea bukari, yaani ugali, ili yasikose hewa. Wifi yake mmoja hakuvumilia: "Mujane gani huyu? Anapikia samaki yenye haiko!"

Honorine aliendelea kuyapima maji yake kichupani. Maji ya kipimo, yaliyokuwa yakigeuka kijani kila akidondoshea dawa ya kupimia sumu, siku moja yakabaki njano. Sumu ilikuwa imeliwa. Akaagiza konokono sita na kamba wawili, waje kwa ndege kutoka Dar es Salaam.

Alipokuwa akiwasubiri, akakumbuka kwamba nyumba mpya haiingiwi bila baraka. Akatwaa msalaba mdogo wa shaba ambao Chishimba aliusubu kwa mikono yake enzi za tanuru na kuuvaa shingoni mpaka hospitalini. Padre alikuwa ameshaubariki. Honorine akauweka ndani ya tangi, chini ya jiwe la katikati.

"Nilisema, leka naye aingie mu bahari yake."

Wageni walipofika na kutiwa majini, kamba ndio waliotangulia kufa. Kisha konokono, mmoja mmoja, wakaachia kioo na kuanguka mchangani. Akampigia muuzaji.

"Akaniuliza, 'Mama, kuna shaba kwenye hayo maji?' Nikacheka. Nikamuambia, baba, huku ni Lubumbashi, shaba iko mpaka mu damu yetu! Kisha kicheko ikaniishia mu kinywa."

Shaba imeilisha mitaa hii tangu enzi za mababu. Lakini kwenye maji ya chumvi huwaua konokono na kamba, hata ikiwa kidogo sana. Mawe huinywa na kuitunza. Ilibidi vyote vitupwe, maji na mawe.

Juma zima hakuyagusa. Ndipo jirani yake, Albertine, anayemwita yaya kama dada mkubwa, akaja na ndoo mbili.

"Yaya Honorine, tuimwange."

"Aliikoroga na mukono yake, Albertine. Ni mukono yake njo iko humu."

"Mukono yake iko ku makaburi, yaya. Leta ndoo."

Waliyamwaga nyuma ya karakana, Honorine akisali rozari kwa sauti ndogo. Mvua zimenyesha zikapita. Pale mahali hapajaota jani hata moja.

Maji ya sasa ameyakoroga yeye mwenyewe. Msalaba unaning'inia ukutani, kwenye msumari unaotazama kioo. "Atuangalie toka pale. Ndani, hapana."

Anadondoshea dawa kwenye kichupa na kukiinua dirishani. Ni kijani, ila kijani cha kufifia. Yakibaki njano, ataagiza konokono mmoja tu kwanza, halafu samaki wawili.

Kwenye pembe ya karakana kuna kiti cha Chishimba, kimefunikwa kitenge tangu siku za kilio. Hakuna aliyekikalia.

"Siku konokono itapanda kioo mpaka juu, nitaondosha kile kitenge," anasema, akikitazama. "Nitavuta kiti hapa mbele ya maji. Mwenyewe hatakuja. Ni mimi njo nitaikala pale."