Samaki kumi na mmoja wa Tumpe

TUNDUMA. Saa moja kasoro asubuhi, malori yameshajipanga kuelekea mpakani, na Germana Kibona anapiga deki ofisi ya mawakala wa forodha kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika simu. Sehemu ileile ameifuta mara tatu.

Kwenye kundi lao la Facebook la wafugaji wa samaki wa mapambo, wakala mmoja aitwaye Sadoki ameweka picha ya aksolotli, mnyama wa majini mwenye miguu minne na matamvua yaliyochanua kichwani kama manyoya. Ameachiwa na mteja aliyehama nchi. Leo ni siku ya tatu mnyama hajala kitu.

Washauri ni wengi na wote wana haraka. Huyu anasema aanikwe juani, yule abadilishiwe maji yote. Germana anauliza maji yametoka wapi, na tangi limewekwa wapi.

"Mama, nimeomba dawa, sijaomba maswali," anajibu Sadoki.

"Dawa sina, na mnyama huyu simjui," anaandika Germana. "Ila juani usimpeleke. Nipe saa moja nisome."

Anakaa, anasimama, anasahau ndoo mlangoni. Anasoma kuwa aksolotli hutaka maji ya baridi. Sadoki naye anakiri, shingo upande, kuwa tangi liko juu ya friji, penye joto la mashine. Anaambiwa alishushe sakafuni na ampe mnyungunyungu.

Germana, 41, mzaliwa wa Mbebe, analipwa shilingi 130,000 kwa mwezi. Ufugaji wa samaki alijifunza pale bosi aliponunua tangi la mapokezi na kila mtu akakwepa kulisafisha. Miaka sita baadaye, kundini neno lake lilikuwa halipingwi.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Mwaka jana Tumpe, fundi cherehani wa Vwawa, aliandika kuwa maji ya samaki wake yananuka. Germana alijibu papo hapo: mwaga yote, weka mapya. Hakuuliza kitu. Kulikuwa na hofu ya kipindupindu, na Tumpe, mwanamke msafi, alikuwa ametia dawa ya kuua vijidudu katika kila pipa la maji la nyumbani; maji mapya ya tangi aliyachota humo.

Jioni samaki wote kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Germana aliingiwa na woga, akafuta maoni yake. Tumpe akajilaumu mbele ya watu wote, akauza tangi.

"Wengine walimsema, wengine walimpa pole," anasema Germana bila kuinua macho. "Na mimi nilimpa pole."

Saa sita mchana Sadoki anaandika kuwa mnyama amemeza mnyungunyungu. Pongezi zinamiminika. Germana hazisomi, zinamchoma. Anafungua ukurasa wa Tumpe na kuandika: "Dada, kumwaga yale maji nilikwambia mimi, kisha nikafuta. Kosa halikuwa lako. Kesho naliandika kundini."

Anatuma. Kisha anazungukazunguka ofisini kama aliyepoteza funguo.

"Natamani anitukane," anasema. "Anitukane mpaka achoke, halafu anunue tangi jingine."